Zamu ya Baba Hesabu

Mtoto wa tatu walimpachika jina la Hesabu kwa utani, na jina likaganda. Mama yake alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na ndiye aliyeshika kalamu siku waliyoamua kufuata kalenda. Alihesabu siku salama na siku za hatari, akazizungushia wino wa kijani na mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, na kwa miezi minne mambo yakaenda sawasawa. Mwezi wa tano hesabu ilikuwa sahihi, mwili ndio uliokosea. Majirani walicheka. Wenyewe walicheka pia, mpaka mimba ilipoingia mwezi wa nane na Mwalimu akaanguka mbele ya darasa, chaki mkononi, mwili mzima ukimtetemeka. Kifafa cha mimba. Walimpasua, kama walivyompasua kwa wale wasichana wawili wa kwanza, wakamtoa mtoto akiwa mzima, na mama mtu akakaa siku sita hajui yuko wapi wala ni nani anayemshika mkono.

Aliyemshika mkono alikuwa mumewe, fundi wa majokofu, ambaye tangu hapo watu walianza kumwita Baba Hesabu ingawa kifungua mimba wake alikuwa msichana. Alikuwa mtu wa mikono. Akikaa bila kazi dakika kumi anatafuta skrubu ya kukaza. Siku zile sita hospitalini alikaza vitanda vitatu vya wodi, akatengeneza bawaba ya kabati la dawa, mpaka muuguzi mmoja akamwomba kwa upole akae kitini kama watu wengine.

Siku ya saba daktari aliwaambia wote wawili, kwa sauti ileile ambayo mtu angesomea orodha ya vifaa, kwamba mimba nyingine wasiithubutu. Presha ya Mwalimu haikuwa ya kuchezewa. Safari hii ameponea chupuchupu. Safari nyingine hamwahidi mtu.

Ikaanza miaka miwili ya kutafuta njia.

Mwalimu hakutaka tena kubahatisha, na baada ya kalenda kumsaliti alitaka kila kitu kiandikwe. Alichukua daftari la miraba, akachora jedwali: njia, muda, imenifanya nini. Vidonge vya kawaida nesi wa uzazi wa mpango alikataa kumpa kwa sababu ya presha. Alimpa vile vya akina mama wanaonyonyesha, vinavyotaka kumezwa saa ileile kila siku bila kuteleza, na saa ileile ikawa ndiyo saa ya kuhangaika na watoto kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Akisahau siku moja, alikosa raha wiki nzima. Akahamia sindano ya miezi mitatu. Walimu wenzake wawili walikuwa nayo na hawakuwa na neno, lakini yeye alitokwa na damu wiki saba mfululizo, akawa anafundisha amekaa, sweta limefungwa kiunoni. Na sindano ikishaingia haitolewi, inangojewa iishe. Kikafuata kijiti cha kwenye mkono. Kijiti kilimpa maumivu ya kichwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikivumilia miezi saba kwa ukaidi mtupu, kisha akaenda kukitoa. Kondomu zilikuwepo muda wote huo, za kuziba mapengo. Mbili zilipasuka, na kila iliyopasuka ilimaanisha kidonge cha dharura kutoka duka la dawa, halafu wiki mbili za kukimbilia chooni kila saa kuangalia kama siku zake zimefika.

Kufungwa kizazi yeye mwenyewe hakutaka kusikia. Tumbo lake lilishafunguliwa mara tatu, na akisikia neno kisu viganja vilimtoka jasho. Kilibaki kitanzi, kile kidude chenye umbo la herufi T kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba kitanzi huhama, kikapanda hadi kwenye moyo. Nesi alimchorea picha, akamwonyesha kwamba hakuna barabara ya kutoka huko kwenda moyoni. Mwalimu aliielewa picha. Hofu yake haikuielewa.

Jumamosi moja asubuhi alimkabidhi mumewe lile daftari. Baba Hesabu alikuwa sebuleni anafungua redio ambayo haikuwa mbovu.

"Mistari yote hii ni mwili wangu," alimwambia. "Huu wa mwisho ni wako. Sasa ni zamu yako."

Mstari wa mwisho ulisema: kufunga kizazi, mume. Visanduku vya mbele yake vilikuwa vitupu.

Baba Hesabu hakukataa. Alisema sawa, akairudishia redio skrubu zake, na kesho yake akaifungua tena. Karakanani hakutulia. Anaanza kulehemu bomba la jokofu hili, katikati anaondoka kwenda kusikiliza kompresa ya lile, anarudi anakuta bomba limepoa. Mwishowe akamuuliza mwenzake, mzee wa makamo aliyekuwa na kipaji cha kujua kwa sikio tu kama jokofu limeishiwa gesi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Gesi. Mzee Gesi alifikiri sana. Akasema amewahi kusikia habari za mwanamume mmoja aliyefungwa, akanenepa, sauti ikawa nyembamba. Baba Hesabu akamuuliza mtu huyo ni nani na anakaa wapi. Mzee Gesi akakiri kwamba hamjui, na aliyemsimulia naye hakumjua.

Walikwenda kwa nesi wakiwa wawili. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani, na mezani pake palikuwa na sinia lililopangwa sampuli za kila njia. Aliliweka pembeni. Akaeleza kwamba mirija miwili inayopitisha mbegu inakatwa na kufungwa kupitia tundu dogo, kwa ganzi, na kwa dakika ishirini kazi imekwisha. Nguvu zinabaki pale pale, sauti inabaki pale pale, mambo yote yanakwenda kama kawaida isipokuwa mbegu hazipo. Akasema asifanye hivyo kwa kudhani ataweza kubadili mawazo baadaye, kwa sababu kuirudisha mirija ni kazi ngumu na isiyo na uhakika. Asinyanyue kitu kizito wiki nzima. Na jambo moja alilirudia mara mbili: kinga haiji siku hiyo hiyo. Watumie kondomu miezi mitatu, kisha alete mbegu kwenye kichupa zipimwe, na mpaka kipimo kionyeshe kwamba mbegu zimekwisha asijidanganye kwamba amemaliza.

Baba Hesabu aliuliza maswali matatu, yote yakiwa ni kuhusu nguvu. Nesi akayajibu yote matatu kwa jibu moja. Mume akatia sahihi, wakapanga Alhamisi.

Jumatano mama yake alimpigia simu kwa mambo mengine kabisa, na akamalizia kama alivyomalizia siku zote, kwamba mjukuu wa kiume mmoja hatoshi. Hakuwa anajua chochote, maskini. Baba Hesabu akasema ndiyo mama, akakata simu, akaenda kukaza bomba la maji lililokuwa halivuji.

Alhamisi Mwalimu alikuwa na mtihani wa kusimamia, kwa hiyo mumewe alikwenda peke yake. Aliyetangulia kuingia alikuwa mwanamume wa makamo aliyetoka baada ya dakika ishirini kweli, akaomba chai, akakaa kusoma gazeti. Hilo lilipaswa kumtuliza. Halikumtuliza hata kidogo. Akaitwa, akavua, akavaa joho la kijani lililofungwa nyuma kwa kamba, akalala. Dawa ya kusafishia ilikuwa ya baridi. Akageuza uso pembeni na kuona makasi madogo yamepangwa juu ya kitambaa, masafi, yanang'aa, na yeye aliyeshika makasi na koleo maisha yake yote hakuweza kuyaondolea macho. Mawazo yaliyompitia hayakuwa na mpangilio. Aliwaza wanawe wote watatu wameugua kwa mpigo, naye hawezi tena kupata mwingine. Akawaza sauti ya mama yake. Akawaza mtu mnene asiye na jina. Daktari alipomwambia atasikia kama sindano kidogo, alisema anaomba kwenda chooni.

Alikwenda chooni kweli. Kisha akachukua nguo zake, akazivaa mlemle, akatokea mlango wa nyuma palipokuwa pameanikwa mashuka ya wodi, na akatembea.

Alitembea mitaa mingi bila kujua anakwenda wapi. Alijiambia anapunga hewa, atarudi. Alikuwa amesimama mbele ya duka la vipuri, anaangalia feni ambazo hakuzihitaji, simu ilipoita.

"Imekwisha?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa ananong'ona; watoto walikuwa kwenye mtihani.

Kulikuwa na nafasi hapo ya kusema neno moja la kweli. Yeye mwenyewe baadaye alisema aliiona, kama mtu anavyoona kituo chake kinapita.

"Imekwisha," alisema.

Mwalimu akasikika anavuta pumzi, kisha akasema ahsante, mume wangu, na simu ikakatika. Baba Hesabu aliingia duka la dawa lililo jirani, akanunua plasta.

Nyumbani alikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya na watoto wameonywa wasimrukie baba. Mwalimu alimletea chakula kitandani, akamchemshia maji ya kuoga, akataka kuangalia kidonda. Alimwambia nesi amekataza kufunua. Plasta ikaonekana kwa pembeni, ikatosha. Kutwa nzima alitembea miguu imeachana; siku ya pili asubuhi alisahau, akainuka upesi kumfukuza paka, na mkewe akasema kweli hii njia ni nyepesi kuliko zote, angeijua mapema asingetokwa na damu wiki saba.

Alikusudia kumwambia. Kila asubuhi alikusudia. Lakini Mwalimu alikuwa amebadilika. Kwa miaka miwili alikuwa mtu wa kushtuka, wa kuhesabu vidole chini ya meza. Sasa alikuwa anasahihisha madaftari huku anaimba. Aliwatania watoto. Mchana mmoja wa Jumapili alipitiwa na usingizi kwenye kochi, mdomo wazi, na Baba Hesabu akasimama mlangoni akimwangalia, mkono kwenye bisibisi mfukoni. Angemwamsha amwambie nini?

Basi akajipa mpango. Kuna miezi mitatu ya kondomu kwa vyovyote vile, alijiambia. Atarudi kliniki kimyakimya wiki ijayo, afungwe, na tofauti itakuwa ya siku chache tu. Hakuna atakayejua.

Wiki ijayo ilipofika, akaumia Mzee Gesi. Mwalimu alikuwa amempigia simu yeye mwenyewe, akamweleza kwa heshima kwamba mumewe ametoka kufanyiwa upasuaji mdogo na asinyanyue kitu, na Mzee Gesi, bila kuuliza upasuaji wa nini ingawa alijua, akawa anabeba yote. Siku ya tano lilikuja jokofu kubwa la bucha, la kupandishwa ngazi kumi na mbili. Baba Hesabu alisema atashika upande mmoja. Mzee Gesi akamkatalia, akamwambia akae chini, alinde vitu vyake. Kwenye ngazi ya tisa mgongo wake ulilia kwa sauti iliyosikika. Alilala kwake wiki tano. Mwalimu alimpelekea uji na matunda, na aliporudi alimwambia mumewe kwamba yule mzee ni mtu wa kweli, amejitoa kwa ajili yako.

Tangu hapo Baba Hesabu hakutulia. Alifanya kazi ya watu wawili, akabeba majokofu peke yake kwa toroli, kana kwamba uzito ungemlipia. Alirudi kliniki mara mbili. Mara ya kwanza alifika getini, akamwona nesi mwenye miwani anaongea na mlinzi, akageuka. Mara ya pili alifika mpaka kwenye benchi na akakaa dakika arobaini na tano. Hofu ya makasi ilikuwa imeisha, au imepungua sana. Kilichomwinua safari hii ilikuwa aibu: angemwambia nini nesi, kwamba alikuwa chooni muda wote huo? Nesi naye alimpigia simu mara kadhaa. Hakupokea.

Ikabaki wiki moja miezi mitatu itimie. Mwalimu alishauliza kile kichupa cha kipimo kinachukuliwa wapi.

Jumamosi mchana watoto walikuwa wameenda kwa shangazi yao. Nyumba ilikuwa kimya, pazia linapepea, na mambo ya mume na mke yakawa. Kondomu ikapasuka. Baba Hesabu aliiona kabla yake, akabaki ameishika. Mwalimu alijiinua kwa kiwiko, akaona, akacheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyetoka jela. Alisema kama ingekuwa zamani sasa hivi angeshakuwa duka la dawa, anapanga foleni na moyo mkononi. Kwa vile zimebaki siku saba tu, haina neno. Akajifunga khanga akaenda kuoga, na kutoka bafuni zikasikika nyimbo za darasa la kwanza.

Baba Hesabu alizijua hizo siku. Hazikuhitaji daftari: ndizo zilezile ambazo zamani zilizungushiwa wino mwekundu.

Jioni ile hakusema. Jumapili asubuhi hakusema. Alikuwa anajua kwamba kidonge cha dharura kinapungua nguvu kadiri saa zinavyokwenda, na kila alipotazama saa ya ukutani alihisi anatazama kitu kinachovuja. Saa nne akatoka, akanunua kidonge. Hakujua bado atakifanyia nini. Alirudi akamkuta Mwalimu anasahihisha madaftari mezani, ambaye bila kuinua kichwa alimwomba amtengenezee chai.

Jikoni alitoa kidonge kwenye pakiti. Kilikuwa kidogo, cheupe. Akakiweka kwenye kijiko, akachukua kijiko kingine, akakisaga. Kilisagika kirahisi mno. Maji yalikuwa yamechemka. Alisimama na ule unga kwenye kijiko juu ya kikombe, akiwaza kwamba ingekuwa tone moja la uongo juu ya mengine, na ndilo ambalo lingemwokoa mkewe, na hakuna ambaye angepata hasara. Halafu ikamjia kwamba mwili ule umeshamezeshwa, umeshachomwa, umeshawekwa na kutolewa, lakini kila mara mwenyewe alikuwa anajua ni nini kinaingia. Hata mara moja hakuwahi kufichwa. Akakiondoa kijiko upesi juu ya kikombe, unga ukamwagika mezani.

Akaenda na kijiko kitupu mpaka sebuleni. Akasimama.

"Sijafungwa," alisema.

Mwalimu akaendelea kutia alama ya vema kwenye daftari moja, kisha akaweka kalamu chini.

"Hujafungwa nini?"

Akamwambia yote. Joho la kijani, mlango wa nyuma, plasta, getini, benchini, kidonge. Alieleza upesi, bila kupanga, akirudi nyuma mara kwa mara kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Mwalimu hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: hicho kidonge kiko wapi. Alipoambiwa kimemwagika mezani jikoni, alitazama kile kijiko mkononi mwa mumewe na akaelewa hata lile ambalo hakuwa amelisema.

"Ulitaka kuninywesha," alisema.

"Nilitaka. Nikashindwa."

"Daktari alisema nitakufa," alisema Mwalimu. "Ulikuwepo. Ulinishika mkono."

Hakungoja jibu. Alikwenda mwenyewe duka la dawa, akanunua kidonge kingine, akakimeza palepale kaunta mbele ya mwuzaji. Jioni alilala chumba cha watoto.

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akaenda kliniki peke yake. Alimweleza nesi kila kitu, pamoja na saa kondomu ilipopasuka. Nesi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamwambia amefanya vizuri kumeza kidonge, ila ipo njia yenye nguvu zaidi ikiwa siku tano hazijapita: kitanzi cha shaba. Kinazuia lililotokea Jumamosi, halafu kinabaki kulinda miaka kumi. Hakina homoni, hakigusi presha. Damu ya mwezi inaweza kuwa nzito zaidi mwanzoni, na tumbo kukata, hilo hamfichi. Mwalimu akamwuliza tena habari za moyo. Nesi akachukua mkono wake, akauweka juu ya kitanzi cha mfano kwenye sinia, akamwachia akishike, akipinde, akione urefu wake. Kilikuwa kifupi kuliko kidole chake.

Alisema kiwekwe. Kiliuma, dakika chache, uchungu wa kubana ambao ulimtoa machozi. Nesi alipomwuliza kama analia kwa maumivu alisema hapana, maumivu ni kidogo.

Wiki mbili na nusu zilizofuata nyumba ile haikuwa na raha. Mwalimu aliongea na mumewe kupitia watoto: mwambieni baba yenu chakula tayari, mwambieni baba yenu tanki la maji limejaa. Kila alipokwenda chooni Baba Hesabu aliacha alichokuwa anafanya na kutega sikio, bila kujua anategemea kusikia nini. Hakukaza kitu. Hakufungua redio. Mikono ilimning'inia tu. Siku moja alikwenda kwa Mzee Gesi, ambaye mpaka sasa alikuwa hawezi kuinua kitu kizito, akamwambia kwamba mgongo wake umeumia bure. Mzee Gesi akasema siku zile yeye mwenyewe ndiye aliyemtia woga kwa habari za mtu asiyemjua, kwa hiyo sehemu ya mgongo ni yake. Kisha akamwambia aondoke, arudi kesho kutwa, kwa sababu leo bado ana hasira naye.

Asubuhi ya siku ya kumi na nane Mwalimu alitoka chooni, akasimama mlango wa jikoni. Kwa mara ya kwanza hakumtuma mtoto.

"Zimekuja," alisema, akapita.

Baba Hesabu aliketi sakafuni palepale, mgongo umeegemea kabati. Wiki ileile akaenda kliniki bila kumwambia mtu. Nesi alimwona anaingia, hakumuuliza chochote kuhusu choo. Alimwambia hana haja ya kufanya hivi kama anadhani kwamba ndiyo faini yake, mkewe ana kinga tayari. Baba Hesabu alisema anajua. Alisema hataki tu mwili wa mwenzake ubebe peke yake. Safari hii makasi aliyatazama moja kwa moja, na alipoulizwa yuko tayari alisema yuko tayari, sauti ikamtoka ndogo lakini ikatoka. Dakika ishirini. Akaomba chai.

Nyumbani aliporudi alivua tu, akamwonyesha Mwalimu kitundu chenyewe, bila plasta. Mwalimu aliinama akakitazama kwa makini kama anavyotazama jibu la mwanafunzi mwenye historia ya kunakili. Hakumchemshia maji. Lakini jioni alirudi kulala chumbani kwao.

Baada ya miezi mitatu Baba Hesabu alileta karatasi ya kipimo. Mbegu: hakuna. Ilikuwa na muhuri wa maabara na sahihi mbili. Mwalimu alikuwa anakunja nguo za watoto. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaisoma tena.

"Hongera," alisema. Na alimaanisha.

Baba Hesabu akauliza, kwa sauti ya mtu anayegusa waya asiojua kama una umeme, kama sasa atakwenda kukitoa kile kitanzi, maana siku za mwezi zilikuwa zimekuwa nzito kweli, na haja yake haipo tena.

Mwalimu alimaliza kukunja gauni aliloshika. Alisema damu ni nzito, ndiyo, na tumbo linakata siku mbili, na nesi amempa dawa ya hilo. Alisema anamwamini, karatasi anaiamini pia. Lakini siku ile ya Jumatatu alikwenda peke yake, akachagua peke yake, na kitu kile kiko ndani yake na hakuna mtu anayeweza kutoka nacho kupitia mlango wa nyuma.

"Hiki kinabaki," alisema.

Mumewe akavuta rundo la nguo upande wake, akaanza kukunja naye. Alikunja vibaya, mikono ya mashati imebaki nje, na Mwalimu akawa anazikunjua moja moja na kuzikunja upya.